Cujo: mtoto alikufa au alipona? Na muvi ipi imekiharibu zaidi kitabu cha Stephen King?

MlinziWaIgogo

Wakuu, heshima kwenu. Nina kesi na shemeji yangu, naileta hapa kwa sababu nyumbani imeshindikana. Dau ni samaki, sato wawili, kila mmoja asipungue kilo.

Iko hivi. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye bohari moja huku Igogo, Mwanza. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kila mlinzi ana dawa yake ya usingizi. Kuna wa karanga, kuna wa redio, kuna wa kupigia simu watu waliolala. Mimi ni vitabu. Kuna mzee mjini anatandaza vitabu vya mtumba kwenye turubai, juu vya dini na vya uhasibu, ukichimbua chini unakuta riwaya za Kiingereza zilizochanika majalada. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne na kamusi, ila Stephen King, yule Mmarekani wa riwaya za kutisha, hana maneno magumu. Ugumu wake uko kwingine. Nimeshamaliza vyake saba.

Mwezi uliopita nikaangukia Cujo, kitabu cha 1981. Kwa asiyekijua: kuna mbwa mkubwa, mpole kabisa, anakimbiza sungura, anaingiza kichwa kwenye shimo, popo anamng'ata puani. Kichaa cha mbwa hicho. Halafu mama mmoja anapeleka gari bovu kwa fundi anayekaa shamba, yuko na mtoto wake Tad wa miaka 4. Gari linazima uani kwa fundi. Fundi hayupo, mbwa yupo. Sehemu kubwa iliyobaki ni gari limesimama juani, watu wawili ndani, vioo vimepandishwa.

Na hakina sura kile kitabu. Hakuna sura ya kwanza wala ya pili, ni mteremko mmoja tu. Mimi nina utaratibu wangu: nasoma sura moja, nazunguka uzio na tochi, narudi. Hiki hakikunipa pa kushukia. Kwenye daftari la zamu kuna doria ya saa nane ambayo mguu wangu uliifanya saa tisa kasoro robo. Na muda wote huo mbwa wa lindo alikuwa amelaza kidevu juu ya buti langu. Ni mbwa wa kawaida wa mtaani, tumempa kazi tu. Kila nikigeuza ukurasa anainua sikio moja. Kufika pale popo anapong'ata, nikautoa mguu polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa. Akanifuata, akalala upya juu ya buti lile lile.

Sasa nasema mwisho wake, asiyetaka aruke aya hii. Tad anakufa. Hafi kwa meno, anakufa kwa joto na kiu, ndani ya gari, wakati mama yake kashamuua mbwa na baba ndiyo anafika. Nilifunga kitabu nikakaa hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri.

Nikamsimulia shemeji. Yeye ni fundi injini za boti pale mwaloni Kirumba, hasomi hata risiti. Akacheka. "Hakufa yule. Muvi nimeiona mimi, mtoto anakohoa anaamka." Nikamwambia umeota. Akaniambia nimesoma Kiingereza nisichokielewa. Hapo ndipo sato walipoingia.

Nikaenda kuingiziwa hiyo muvi kwenye flashi, ya 1983. Mtoto anaamka kweli. Yuko jikoni, mama anampa maji, anampulizia pumzi, mtoto huyo!

Mimi nasema kitabu ndicho baba, muvi ni mtoto, na mtoto hamsahihishi baba. Shemeji anasema dau lilikuwa "Cujo", hatukutaja kitabu. Nani analipa?

Na kwa hasira hiyo hiyo nauliza la pili, ndilo la uzi huu: muvi ipi imekiharibu kitabu cha King kuliko zote? Mimi kura yangu ni hiyo hiyo Cujo. Najua mtanishukia. Karibuni.

KijanaWaMalimbe

Mkuu, lipa sato. Mtu umewekeana dau na fundi asiyesoma, ulitegemea azungumzie kitabu?

Halafu kwenye swali la pili umepotea kabisa. Cujo ni muvi nzuri. Yule aliyeigiza mama, Dee Wallace, mimi kila nikiiona nahisi ni mimi niliyefungiwa kwenye lile gari. Huwezi kuanza orodha ya muvi mbovu na Cujo ukaiacha The Dark Tower ya 2017. Vitabu saba vile, cha kwanza 1982, cha mwisho 2004, na baadaye akachomeka kingine katikati. Mtu kaviandika zaidi ya miaka 20. Wao wakaja na dakika 95. Dakika 95! Nyegezi mpaka Igoma kwa daladala siku ya foleni inakaribia hapo. Wana Idris Elba, mtu ambaye akisimama tu na bastola zake unaamini katoka dunia nyingine, wakamfanya msindikizaji wa mtoto wa shule. Mimi nilisoma cha kwanza na cha pili, nikaenda kwenye muvi kama mtu anayekwenda kupokea mgeni stendi, basi likapita bila kusimama.

Na The Lawnmower Man ya 1992 mbona hujaitaja? Ile hadithi ni fupi sana. Jamaa anaita mtu wa kukata nyasi, anakuja mtu mnene, anavua nguo zote, anatambaa nyuma ya mashine akila nyasi. Ndiyo hivyo. Muvi ikawa ya kompyuta na mwanasayansi anayempa akili kijana mkata nyasi. King akaenda mahakamani wamtolee jina lake, na akashinda. Hakuna iliyoharibu kuliko hiyo.

DobiWaHoteli

Kaka mlinzi pole. Kwenye sato siingilii, ugomvi wa mashemeji hauna hakimu.

Mimi napigia kura The Mangler ya 1995, na nina sababu ya kazini. Niko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja hapa Mwanza, mwaka wa tisa sasa. Tuna pasi ya rola, ile ndefu. Wawili mnasimama mbele mnalisha shuka bichi, wawili nyuma wanalipokea limenyooka, wanakunja. Shuka linaingia lina ubaridi wa maji, linatoka linachoma. Hakuna pete, hakuna mikono mirefu, kilemba kinafungwa kisogoni ncha zikafichwa. Mbele ya rola kuna chuma chembamba cha usalama, ukikigusa mashine inazima. Kila asubuhi kabla ya shuka la kwanza mimi nakigusa kwa kiganja nisikie inazima. Wasichana wapya wananicheka. Kuna mwenzetu sehemu niliyofanya kazi zamani, kile chuma kilikuwa kimefungwa kwa waya kwa sababu eti kinazimazima mashine hovyo. Vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Kwa hiyo siku nilipokutana na ile hadithi, imo kwenye mkusanyiko wa hadithi fupi wa 1978, nilijua aliyeandika amesimama pale. Kumbe kweli. Alifanya kazi kwenye dobi kubwa kabla vitabu havijaanza kumlipa, na mama yake mzazi aliwahi kusimama kwenye rola. Yule hakuuliza mtu joto la shuka likoje.

Kwenye hadithi mashine inaingiwa na shetani kwa ajali tupu. Msichana anajikata, damu inadondoka, na vitu vingine vinaangukia humo siku tofauti bila mtu kukusudia. Wakaguzi wanakuja, wanaizunguka, hawaoni kosa, kazi inaendelea. Hapo ndipo nywele zilinisimama. Hakuna mwenye hatia na bado mtu anaingia mzimamzima.

Kwenye muvi wamefanyaje? Wameweka bosi mzee mwenye vyuma miguuni, na vigogo wa mji wanaotoa mabinti zao kafara ili watajirike. Basi. Ukishapata mzee wa kafara, mashine haitishi tena. Ni sawa na stori za wenye mabasi. Pasi ya rola haihitaji mganga, kaka. Inahitaji waya tu kwenye kile chuma.

KijanaWaMalimbe

Dada Dobi, hapo kwenye waya nimeshindwa kula.

Lakini muvi bila adui inakuwaje? Watu wanalipa kiingilio wamwone adui akipigwa.

MlinziWaIgogo

Kijana, umenisaidia bila kutaka. Ngoja nieleze kwa nini nashikilia Cujo, maana hamjanielewa, na leo zamu imetulia.

Kuna muvi mbovu na kuna muvi iliyoharibu kitabu. Hivyo ni vitu viwili. The Lawnmower Man haijaharibu kitu, imeiba jina tu. Ni kama mtu aandike "Sato wa Ukerewe" kwenye ndoo ya dagaa. Ukifungua unaona dagaa, unacheka, sato wako salama huko majini. The Dark Tower imekimbia, haikufika mahali pa kuharibu. Lakini Cujo inakwenda na kitabu bega kwa bega. Joto lilelile, kioo kilekile, mtoto anakauka midomo vilevile. Wanakufikisha mpaka mlangoni. Halafu mlangoni wanakuonea huruma. Mimi sikuomba huruma. Kitabu kizima kimejengwa ili ufike pale usiombe huruma tena, na King anakupa baridi ile. Sasa ukikiondoa kifo cha Tad, lile joto lote lilikuwa la nini? Mateso bure.

Mtasema mimi napenda watoto wafe. Nina wawili, wa kwanza ana miaka mitano. Ndiyo maana.

Na wala sisemi muvi isibadilishe. Chukueni The Mist. Hadithi ya 1980, muvi ya 2007. Ukungu unafunika mji, watu wamejifungia dukani, kuna vitu nje. Hadithi inaishia njiani, baba na mwanaye kwenye gari, redio imenasa neno moja hivi, kuna katumaini. Mwongozaji Frank Darabont kwenye muvi akakatoa. Watu watano kwenye gari, risasi nne, baba anafanya alichofanya, na dakika chache baadaye ukungu unafunguka na jeshi linapita. King mwenyewe aliupenda ule mwisho kuliko wake. Wamebadilisha kabisa, na hawajaharibu hata kidogo, kwa sababu walikwenda kule kule hadithi ilikokuwa inaogopa kwenda.

Ile niliitazama kwenye simu, hapa hapa getini, msimu wa wale wadudu wa ziwani. Wa huku mnawajua. Mchana unawaona mbali juu ya maji kama moshi wa chombo kinachoungua, usiku wanafuata taa. Walikuwa wamefunika taa ya geti mpaka mwanga umekuwa wa rangi ya chai, wanaingia puani, wanatua kwenye kioo cha simu, nafuta na kidole nabaki na michirizi. Ile sehemu ya wadudu kutua kwenye vioo vya duka ilipofika, nilizima taa ya geti. Ni kosa kazini. Niliizima. Asubuhi nilifagia ndoo nzima, na harufu yao ni ile ya samaki aliyelala.

Hiyo ndiyo muvi. Cujo ilinitoa mkono mlangoni.

DobiWaHoteli

Sasa nimekuelewa. Yangu wamemtafutia adui, yako wamemtafutia mtoto pumzi. Wamefanya kitu kilekile.

Ila kaka, King mwenyewe hakuilalamikia Cujo. Nilisoma kwamba aliipenda, na yule mama alimsifu mno. Na kile kitabu alikiri hakumbuki hata alivyokiandika, kwa ulevi wa siku zile. Sasa wewe unamtetea mtu kitabu ambacho mwenyewe hakikumbuki?

MlinziWaIgogo

Yeye hakikumbuki. Mimi nakikumbuka.

MzeeWaDeki

Vijana, salama? Nimesoma tangu juu mpaka hapa, nimecheka peke yangu mpaka mke wangu kauliza kuna nini.

Mimi ndiye niliyewalisha wengi wenu hizo muvi. Nilikuwa na banda Kitangiri miaka ya 90. Deki mbili, runinga ya inchi 21, mabenchi sita, magunia madirishani, na kreti za soda kwa wanaochelewa. Kiingilio shilingi 50, ya usiku 100. Mliita kibanda umiza, na kweli mgongo ulikuwa unaumia. Pembeni ya runinga anakaa mtafsiri wangu na kipaza sauti. Marehemu sasa, Mungu amrehemu. Kiingereza alikuwa nacho cha kubahatisha, lakini sauti alikuwa nayo.

Mnazungumzia kuharibu kitabu. Sisi hatukujua kuna kitabu. Kwetu kulikuwa na steringi, adui, na mjinga wa steringi anayechekesha. Basi niwape kura ya banda: Maximum Overdrive, 1986. Hiyo kaiongoza King mwenyewe, mara ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo hapo hamna wa kumshtaki. Malori yanawasha yenyewe na kuua watu kwenye kituo cha mafuta. La mbele lina sura ya zimwi la kijani. Mwanzoni kuna jamaa anatukanwa na mashine ya benki, na huyo jamaa ndiye King. Kitangiri wakati ule nani anaijua mashine ya kutolea pesa? Mtafsiri akasema, "Redio imemtukana!" Banda zima chini kwa kicheko. Muvi ilijaza siku nne mfululizo. Madereva wa malori ya pamba walikuwa wanarudia mara mbili mbili.

Nimekuja kusoma hadithi yake uzeeni, mwanangu kaniletea. Inaitwa Trucks. Pale mwisho watu hawashindi. Wanabaki wanayajazia malori mafuta, foleni haiishi, mikono imetoka malengelenge, na msimulizi anatazama ndege juu anatamani ziwe na watu ndani. Kwenye muvi wanapanda mashua wanakimbilia kisiwani. Nakumbuka siku ile kulikuwa na vijana wa Ukerewe kwenye benchi la nyuma. Mashua ilipotoka tu wakasimama, "Karibuni Nansio!" Nani angewaambia kwamba mwisho ule ni mbovu?

The Langoliers nayo niliipata baadaye, ya 1995, kanda mbili. Ndege imepita kwenye wakati uliokufa, na kuna viumbe vinakuja kuumaliza ulimwengu wa jana. Kwa saa tatu watu wanasubiri wavione. Vikatokea. Mipira yenye meno! Mtafsiri akavitazama, akakaa kimya kidogo, akasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu watazamaji, maandazi yana meno." Hiyo haikurudi tena kwenye deki yangu.

KijanaWaMalimbe

Shikamoo mzee. Maandazi yana meno, mzee umeniua. Nakusogezea kura yangu.

Ila jamani hakuna anayeigusa The Shining? Ile ya 1980 ya mwongozaji Kubrick. Kila mtu anasema ni muvi bora ya kutisha, na mwenye kitabu aliichukia miaka yote. Aliifananisha na Cadillac kubwa nzuri isiyo na injini. Mkuu Mlinzi, kwa kanuni yako hiyo imeharibu au haijaharibu?

MlinziWaIgogo

Swali zuri, na limenikosesha usingizi ambao sina ruhusa ya kuupata.

Kitabu cha 1977 ninacho. Yule baba, Jack, ni mlevi anayejaribu kuacha, kapewa kazi ya kulinda hoteli yenye mapepo iliyofungwa majira ya baridi. Anampenda mwanaye, na unaona anavyoteleza kidogo kidogo. Karibu na mwisho, hoteli ikiwa imeshamchukua, anarudiwa na akili kwa muda mfupi anamwambia mtoto akimbie. Halafu bwela la kupashia joto linalipuka hoteli inaungua. Mimi ni mtu wa bwela. Kwenye bohari yetu kuna jenereta ninaloliangalia kila baada ya saa nne, kwa hiyo kitabu kizima nilikuwa nawaza mtu kaangalie presha jamani. Kwenye muvi hakuna bwela la maana. Jack Nicholson anaingia pale hotelini tayari ana macho ya mtu aliyekwisha, na mwisho anaganda kwenye theluji. Yule mpishi, Hallorann, kitabuni anaokoa watu, muvini anatembea safari yote ile ili akapigwe shoka tu. Hata chumba, kitabuni ni 217, muvini 237, hoteli ya kwenye picha iliomba hivyo wateja wasije kuogopa kulala.

Kwa hiyo imebadilisha karibu kila kitu. Na bado sikuwasha redio usiku ule. Haikunionea huruma. Nadhani Kubrick alichukua uoga mwingine. King anaogopa mtu mwema kuharibika, Kubrick anaogopa kwamba hapakuwahi kuwa na mtu mwema. Naelewa mwenye kitabu kukasirika. Yule Jack alikuwa ni yeye.

DobiWaHoteli

Na 1997 akapewa nafasi airudie mwenyewe kwenye runinga, sehemu tatu, kaandika mwenyewe, bwela lipo, mpishi anaishi, hata wale wanyama waliochongwa kwenye vichaka vya bustani wapo. Wakatembea kwa kompyuta kama wamelewa. Kila kitu cha kitabu kimo. Mimi nililala sehemu ya pili.

KijanaWaMalimbe

Dada umemaliza.

MzeeWaDeki

Mlinzi, nina neno juu ya kesi yako. Nililikwepa kwanza nikiwaza nisije kuvunja undugu.

Cujo nimeionyesha bandani, mara moja tu. Ilikuwa ya usiku, imejaa, mpaka kina mama waliokuwa wanauza samaki wa kukaanga nje waliingia. Mbwa kachafuka uso, watu wanapiga kelele, mtafsiri kavua shati. Ikafika pale mama anatoka na mtoto kwenye gari, anampeleka jikoni, mtoto kalegea, mama anampulizia. Umeme ukakatika.

Giza, joto, watu sitini na kitu wamelipa 100, na mtoto hajulikani yuko wapi. Nikasikia benchi la kwanza linaanza: "Rudisha hela!" Ningetoa wapi? Nilikuwa nimeshanunua mafuta ya taa na mkate. Hapo ndipo nilipomjua mtafsiri wangu. Kipaza sauti kimekufa, akatumia koo. Akasimama kwenye giza akasimulia. Mtoto kakohoa! Mtoto anaomba maji! Mama analia, baba huyo anaingia! Kuna mama nyuma akasema "Wabeja, Mungu mkubwa," wakaanza kutoka mmoja mmoja, hakuna aliyedai senti.

Kesho yake umeme uliporudi nikamalizia kanda peke yangu, na kumbe mtoto anaamka kweli. Nikamuuliza, kwani uliwahi kuiona? Akasema hajawahi. Nikamuuliza ulijuaje? Akasema, "Bosi, walikuwa wamelipa."

Sasa huyo shemeji yako, fundi wa injini. Alikuwa anakaa Kitangiri utotoni? Maana kuna kijana mmoja alikuwa anakuja amechelewa siku zote, anakaa kwenye kreti ya soda pale mlangoni, na usiku ule alikuwepo.

MlinziWaIgogo

Mzee, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu ilibidi nikaonane naye ana kwa ana, haya hayaulizwi kwa simu.

Nilimkuta mwaloni, injini imefunguliwa juu ya gunia, mikono oili hadi kwenye viwiko. Nikamuuliza tu: ulipoiona Cujo ulikaa kwenye nini? Akanitazama. Akafuta mikono. Akasema, "Kreti. Waya wake ulinitoboa kaptula." Nikamuuliza, mtoto alipokohoa ulimwona au ulimsikia? Kimya. Akashika spana, akaiweka chini. Akasema alimwona. Baadaye kidogo akasema alikuwa na shati la mistari. Sasa hilo shati sijui kalitoa wapi, lakini nina hakika anaamini.

Hasira yangu na wale wa 1983 imepungua, nakiri. Kura yangu haijahama, Dobi usishangilie. Ila nikiwaza wale watu sitini wangerudi Kitangiri gizani na Tad wa kwenye kitabu, sijui.

Jumapili nikamwendea nyumbani na kitabu. Nikamwambia nakusomea kurasa za mwisho, nikitafsiri, ili ujue nilichosoma mimi. Mwanaye wa mwisho ana miaka minne, alikuwa amelala mkekani kichwa kwenye paja lake. Nikasoma mama anavyotoka kwenye gari na gongo. Nikasoma mbwa. Nilipofika gari la baba linaingia uani, akaniwekea mkono juu ya ukurasa, mkono mzima, una oili ambayo haitoki hata kwa mchanga.

"Hapo ruka."

Nikaruka.

Jana jioni kaja getini kwa pikipiki, kaniletea sato mmoja, wa kilo na ushee, kwenye mfuko mweusi. Mbwa wa lindo kamnusa mfuko mpaka ndani. Nikamuuliza wa pili yuko wapi.

Anasema wa pili nikamdai mtafsiri.